Kuajiriwa na shule au kufanya kazi kwa ankara: hesabu ya mtaalamu wa usemi, Lamu na Malindi

Mtaalamu wa usemi anayetafutwa na shule za pwani hii ya Kenya hupewa moja ya ofa mbili. Shule hii inampa mshahara wa mwezi na meza kwenye ofisi ya walimu. Ile inamtaka aje siku mbili kwa wiki, alete ankara, alipwe. Wengi huziweka pesa za ofa zote mbili kwenye mizani na kuifuata nzito. Lakini lililo zito zaidi ni hili: saa ambazo hukukaa na mtoto, nani anazilipa? Saa ya kungoja maji yajae, ya kuandika ripoti, ya kukata na kubandika kadi za picha, ya kuzungumza na mama mtu langoni, na ile ya kufika ukaambiwa mtoto ana homa, hakuja. Shule ikikuajiri, saa hizo ni zake. Ukiwa mtu wa ankara, ni zako, isipokuwa mkataba useme vingine.

Kontrakti ipi?

Huku kwetu neno kontrakti limebeba mizigo mitatu, na watu huingia hasara kwa kutoitenganisha.

Kuna ajira ya kudumu, hiyo haina utata. Kuna ajira ya muda maalum, wa mwaka mmoja au mitatu. Huyu bado ni mwajiriwa kamili: anakatwa PAYE (kodi ya mshahara), ana likizo, ana haki ya notisi, ila karatasi yake ina tarehe ya mwisho. Katika utumishi wa umma mara nyingi hupewa kiinua mgongo cha asilimia 31 ya mshahara wa msingi badala ya pensheni. Kisha kuna mkataba wa kutoa huduma, ambapo wewe ni biashara na shule ni mteja wako. Mwongozo huu ukisema "ankara" unamaanisha huyu wa tatu.

Ipo na ya nne, isiyoandikwa popote. Shule inaiita huduma, lakini inakutaka saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi alasiri, siku tano, utie sahihi kwenye daftari la walimu na uombe ruhusa ukitaka kwenda mazishini. Hiyo ni ajira iliyovishwa kanzu ya kontrakti ili mwajiri aepuke NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), likizo na bima. Mahakama ya kazi hutazama kazi inavyofanyika, si kichwa cha karatasi, na KRA, mamlaka ya kodi, hufanya vivyo hivyo. Ukipewa ofa ya namna hii, usibishane juu ya jina. Omba moja kati ya mawili: mkataba wa ajira wenye haki zake, au uhuru wa kupanga saa zako na bei inayolingana na uhuru huo.

Nani ana uwezo wa kukuajiri

Shule ya kibinafsi inaajiri moja kwa moja, na mishahara yake inategemea karo, kwa hiyo uliza shule ina wanafunzi wangapi kabla ya kuuliza mshahara. Shule ya umma ni habari nyingine. Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, inaajiri walimu. Kama huna usajili wa ualimu, cheti chako cha usemi peke yake hakikuingizi huko. Na ukiingia kama mwalimu utapangiwa darasa, tiba ifanywe kwenye nafasi zitakazobaki. Anayeweza kukuchukua kama mtaalamu katika shule ya umma ni bodi ya usimamizi ya shule, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inairuhusu kuajiri wafanyakazi wasio walimu. Udhaifu wake ni kwamba mfuko wa bodi unategemea pesa za serikali za kila muhula na michango ya wazazi. Pesa zikichelewa, mpishi na mlinzi hulipwa kwanza, kwa sababu bila hao shule haifunguki. Tiba ya usemi hungoja.

Serikali ya kaunti huajiri kupitia bodi yake ya utumishi wa umma, kwa kawaida upande wa afya. Elimu ya chekechea pia iko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na ni mlango ambao wataalamu wachache hubisha, ingawa umri huo ndio tiba huzaa matunda haraka. Mashirika ya misaada nayo huajiri kwa muda wa mradi. Kwao usiulize mradi ni wa miaka mingapi. Uliza umebakiza miezi mingapi.

Kokote uendako, kituo cha tathmini cha EARC cha kaunti ndogo yako ni mahali pa kwanza pa kujitambulisha. Watoto wengi wa vitengo maalum (madarasa ya watoto wenye mahitaji maalum) hupitia hapo kabla ya kupangiwa shule, na mafaili yao yatakupunguzia siku kadhaa za kuuliza maswali yaliyokwisha kuulizwa.

Pima wiki moja kwa daftari

Kabla ya kutaja bei yoyote, andika wiki moja ya kazi kwa saa. Chukua orodha ya watoto 16, kila mmoja vipindi viwili vya dakika 30 kwa wiki. Nusu saa si chaguo la ovyo: somo la madarasa ya chini ni dakika 30 na la juu kidogo ni 35, kwa hiyo mtoto hukosa somo moja tu.

Vipindi peke yake ni saa 16. Maandishi ya dakika 10 kwa kila kipindi yanafika saa 5 na dakika 20. Kuzungumza na mwalimu wa darasa, dakika 15 kwa kila mtoto kwa wiki, saa 4. Kutengeneza vifaa, saa 3. Wazazi, saa 2, na hapo umewahimiza wafupishe. Jumla ni saa 30 na dakika 20, na bado hujapanda boti wala tuktuk. Aliyekubali kulipwa kwa kipindi tu amelipwa saa 16.

Zile saa 4 za mwalimu wa darasa ndizo watu wa ankara huzikata kwanza, na ndizo zinazoua kazi. Mtoto unayekaa naye saa moja kwa wiki anaishi saa nyingine zote na mwalimu, msaidizi na mama yake. Kama hakuna aliyeonyeshwa kumngoja mtoto, ahesabu hadi tano kabla ya kumjibia, au kumpa kadi mbili achague, wiki ijayo utaanza pale pale.

Tathmini ya mtoto mpya ipigiwe hesabu yake kando. Kukaa na mzazi huchukua saa nzima, kumtazama mtoto darasani na uwanjani nusu saa, kukaa naye mwenyewe saa moja, kuandika ripoti saa mbili. Ni saa nne na nusu kwa mtoto mmoja. Shule ikikukabidhi watoto kumi wapya Januari, hizo ni saa 45, yaani wiki nzima na zaidi, na huwezi kuzificha ndani ya bei ya vipindi. Na mtoto ambaye hajapimwa masikio apelekwe hospitali kwanza. Kuanza mazoezi ya matamshi na asiyesikia vizuri ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kuna sehemu moja ya tathmini ambayo mtu mgeni kwenye pwani hii ya kaskazini huikosea, na inahusu bei moja kwa moja. Mtoto wa Lamu akisema *ndia* badala ya njia, *ndaa* badala ya njaa, *nti* badala ya nchi, au *kuteka* anapomaanisha kucheka, hana tatizo la matamshi. Anasema Kiamu, tena sawasawa, kama nyanya yake. Wa kisiwa cha Pate na wasemao Kitikuu (Wabajuni) wana lahaja zao. Malindi, mtoto wa Kigiriama analeta sauti za Kigiriama. Mtaalamu aliyekuja kwa siku mbili na orodha ya maneno ya Kiswahili sanifu ataandika ripoti kwamba mtoto "anabadilisha j kuwa d," na mtoto atapewa tiba ya lahaja yake. Dawa ni kumsikiliza kwanza mama, au ndugu aliyemtangulia, akitaja picha zile zile. Kosa ni lile ambalo mtoto analo na nyumba haina. Hilo lahitaji muda. Mwajiriwa ataupata polepole muhula mzima. Wa ankara aandike siku moja ya kusikiliza kwenye bei ya mwanzo. Akishindwa kuipata, asiandike ripoti ya matamshi.

Safari: Malindi si Lamu

Malindi mjini, mtu wa ankara anaweza kuhudumia shule mbili kwa siku bila kuhangaika. Gede iko kando ya barabara kuu na Watamu ni kukata kona tu kutoka hapo, matatu ni nyingi, na ukichelewa unachelewa kwa dakika. Kwa jiografia hiyo kazi ya ankara inatembea.

Lamu hesabu inabadilika. Mjini, Shela na Matondoni zinafikika, kwa miguu, kwa punda au kwa boti. Ukienda Pate, iwe Siyu, Faza au Kizingitini, unakwenda kwa ratiba ya maji, si ya kengele ya shule. Boti hupita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, na maji kupwa huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Ukipanga "kila Jumanne saa mbili asubuhi," Jumanne ya kwanza utakuta maji yamejaa, ya pili saa hiyo hiyo yatakuwa karibu kupwa kabisa, kwa sababu siku saba zimeyasogeza karibu saa sita. Siku za bamvua, maji yakitoka, utaona mchanga mahali ulipopita juma lililopita.

Panga kila baada ya wiki mbili. Siku 14 zikipita maji hurudi karibu saa ile ile, tofauti ya dakika arobaini hivi, na ratiba yako inasimama. Lala huko usiku mmoja: siku ya kwanza tathmini na vipindi, ya pili vipindi na mafunzo kwa walimu, kisha urudi na maji. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, weka tarehe ya akiba kwa kila ziara. Muhula wa pili wote uko ndani ya upepo huo.

Na hapa kuna jambo ambalo hakuna anayependa kulitaja. Mwajiriwa akiumia botini akiwa kazini, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe amemkatia bima. Mtu wa ankara hana hiyo. Bima ya ajali ni yake kununua. Ukiwa na wateja visiwani, nunua kabla ya ziara ya kwanza, na bei yake iingie kwenye ada.

Bei ya siku

Kosa linalorudiwa zaidi ni kugawa mshahara kwa siku za kazi. Mtu aliyekuwa akilipwa shilingi 60,000 kwa mwezi anagawa kwa 22, anapata 2,727, anaomba 3,000 na kujiona ameongeza. Tufanye hesabu taratibu.

Mshahara wa 60,000 haumgharimu mwajiri 60,000. Anaongeza NSSF ya asilimia 6, yaani 3,600, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, yaani 900, na shilingi 50 za NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani). Ni 64,550 kwa mwezi, 774,600 kwa mwaka. Hiyo ndiyo thamani unayoiacha ukikataa ajira, kabla ya kuhesabu bima ya matibabu kama shule inaitoa.

Ongeza gharama zako: nauli, malazi ya visiwani, bima ya ajali na ya dhima ya kitaaluma, laminesheni na wino, simu, vifaa vya kuchezea vinavyopotea. Tuweke 150,000 kwa mwaka. Wa Malindi mjini atashusha, wa Pate atapandisha. Jumla 924,600.

Sasa siku. Kalenda ya shule ya 2025 ilikuwa na wiki 13, 14 na 9, jumla 36. Wiki ya kufungua watoto wanarudi mmoja mmoja, ya kufunga ni mitihani na mikutano ya wazazi. Toa mbili kwa kila muhula, zinabaki 30. Kila wiki siku moja ni ya kuandika. Siku nne mara wiki 30 ni siku 120. Zitakazopotea kwa upepo, michezo na maombolezo ziwe moja katika kumi, zinabaki 108. Gawa 924,600 kwa 108. Inatoka 8,561.

Elfu nane na mia tano kwa siku, ili uwe sawa na aliyeajiriwa kwa elfu sitini. Si faida hiyo, ni usawa tu. Wengi wakiiona wanaogopa kuitamka mbele ya mwalimu mkuu. Lakini ukishusha hadi 4,000 kwa siku hizo hizo 108, utapokea 432,000, na ukitoa gharama zako unabaki na 282,000 kwa mwaka mzima, yaani 23,500 kwa mwezi kabla ya kodi.

Shule ikisema haiwezi, ina haki ya kusema hivyo. Usishushe bei, punguza siku. Siku mbili kwa mwezi za kutathmini na kufundisha walimu wa kitengo, kila mtoto akiwa na karatasi moja ya mazoezi, zina manufaa kuliko siku nane za bei ya kutupa utakazozikimbia muhula wa pili. Nafuu nyingine ya mtu wa ankara ni likizo: Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka unaweza kuuza siku kwa familia au kuendesha mafunzo, jambo ambalo mkataba wa mwajiriwa mara nyingi humfunga. Ukiuza siku 20 za likizo, siku zako zinakuwa 128 na bei ya usawa inashuka hadi 7,223.

Kodi: ile asilimia tano si yote

Kwa viwango vya 2025, mwajiriwa wa 60,000 anakatwa NSSF 3,600, SHIF (bima ya afya ya jamii) ya asilimia 2.75 ambayo ni 1,650, ushuru wa nyumba 900 na PAYE 8,538. Anapokea karibu 45,312, na hana barua nyingine ya kuandika isipokuwa ritani ya mwaka.

Mtu wa ankara anakatwa asilimia 5 na mteja kama kodi ya zuio, ada ya mwezi ikifika 24,000. Kwenye ankara ya 85,000 utapokea 80,750. Hapo ndipo wengi hudhani wamemalizana na KRA. Rudi kwenye hesabu yetu: ukipokea 924,600 na gharama zinazokubalika ni 150,000, faida ni 774,600, na kodi yake baada ya nafuu ya kibinafsi ni 140,980, kabla ya kutoa michango ya SHA (mamlaka inayosimamia SHIF) na NSSF. Zuio limelipa 46,230. Zinabaki zaidi ya elfu tisini, na hizo zinatoka mfukoni mwako. Kwa kuwa deni linazidi 40,000, unatakiwa kulilipa kwa awamu nne: tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Fungua akaunti ya pili na utie humo shilingi 12 katika kila mia inayoingia, siku hiyo hiyo. Ukingoja Juni 30 ya mwaka unaofuata utazikuta pesa zimekuwa paa la mabati.

Mambo matatu huharibika hapa. La kwanza, shule imekukata zuio lakini haijalipeleka. Ingia iTax, tovuti ya KRA, kila mwezi uhakikishe cheti kimetokea, kwa sababu bila cheti utalipa mara ya pili. La pili, tangu 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) inaweza kukataliwa, na nahodha wa boti hana habari na eTIMS. Kwa hiyo nafuu ni shule ikodi boti yenyewe, wewe upande tu. La tatu, kodi ya mauzo ya asilimia 3 inayosifiwa na wafanyabiashara wa dukani haihusu ada za kitaaluma. Usidanganywe ujisajili huko.

SHA nayo: mwajiriwa hukatwa kila mwezi, anayejitegemea hulipa ya mwaka kwa pamoja. Iweke kwenye bajeti ya mwezi wa kwanza.

Mkataba wa ankara useme nini

Kurasa mbili zinatosha. Andika siku ngapi kwa muhula na zipi, ukitaja tarehe badala ya "kila wiki." Andika bei ya siku, si ya kipindi, kwa sababu ukilipwa kwa kipindi, mtoto mgonjwa ni hasara yako. Kama lazima iwe kwa kipindi, weka idadi ya chini inayolipwa ukishafika, tuseme sita.

Kughairi: shule ikitoa habari siku mbili kabla, hakuna deni; chini ya hapo, nusu; ukishafika, yote. Hali ya bahari iwe na kifungu chake: Idara ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo na mawimbi au nahodha akikataa kuondoka, ziara inasogezwa kwenye tarehe ya akiba bila adhabu kwa yeyote, na malazi yaliyokwisha kulipwa ni ya shule. Uamuzi wa nahodha usibishaniwe. Kiandikwe hivyo.

Malipo: robo ya ada ya muhula kabla ya ziara ya kwanza, iliyobaki ndani ya siku 30 za kila ankara, na haki ya kusimamisha ziara ankara mbili zikilala. Hii ya kusimamisha ina uchungu, maana anayeumia ni mtoto. Ndiyo sababu malipo ya mwanzo yasiachwe.

Ramadhani ikiangukia ndani ya muhula, vipindi vyote viwe kabla ya saa tano, na mazoezi ya kula na kumeza ya watoto wakubwa wanaofunga yaahirishwe. Ijumaa usipange kitu karibu na adhuhuri. Alasiri watoto wengi wako chuoni, yaani madrasa, kwa hiyo "tutafidia jioni" ni ahadi ya karatasi.

Faili la mtoto: taarifa za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Taja nani anazihifadhi, nani anaziona, na kwamba mzazi ametia sahihi kabla ya tathmini. Picha za video za mtoto zisikae kwenye simu ya kundi la walimu. Shule pia itataka cheti cha tabia njema. Kinaombwa kupitia eCitizen kwa 1,050 na alama za vidole, kwa hiyo kianze kabla hujaitwa.

Ukikubali kuajiriwa

Usisome mshahara tu, soma majukumu. Maneno "na kazi nyingine atakazopangiwa" ndiyo mlango wa kushika darasa mwalimu asipokuja, zamu ya bweni na kusindikiza basi. Huwezi kuyafuta, lakini unaweza kuyawekea mpaka: saa zisizozidi mbili kwa wiki, na zisiwe kwenye muda wa vipindi. Weka pia idadi ya watoto. Kwa wiki ya saa 40, ile hesabu ya daftari inaonyesha watoto 20 wa vipindi viwili ndiyo karibu ukomo. Zaidi ya hapo wawe makundi ya watatu au wanne. Shule ambayo haijawahi kuwa na mtaalamu itakuandikia watoto wote wa kitengo, sitini hata, kwa nia njema kabisa.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kazi ikifika miezi mitatu, na kuuandaa ni wajibu wa mwajiri. Majaribio yasizidi miezi sita, labda mkikubaliana kuongeza, na jumla isipite mwaka. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka. Shule itataka uichukue wakati imefungwa, ni sawa, ila ulizia kama wiki zilizobaki za likizo ya wanafunzi unatakiwa kuripoti. Uzazi miezi mitatu kwa mshahara kamili, baba wiki mbili. Ukilipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 kutoka pande zote mbili. Omba bajeti ya vifaa kwa muhula, hata 5,000, iliyoandikwa, na chumba chenye mlango unaofungika mbali na jiko na uwanja. Chumba kinakosekana kuliko pesa.

Kuchanganya

Wengi waliodumu kwenye kazi hii huwa na mguu mmoja kila upande: siku tatu za ajira na mbili za ankara. Inawezekana ikiwa mkataba wa ajira unaruhusu, na ruhusa hiyo iwe ya maandishi. Mtumishi wa kaunti ana sheria ya mgongano wa maslahi juu yake. Atangaze kazi ya nje kwa mkuu wake kabla ya kuianza, na asimchukue kama mteja wa kulipia mtoto anayestahili kumhudumia bure hospitalini.

Wakati wa kuzungumza na shule au kaunti una uzito kuliko maneno yenyewe. Shule ya kibinafsi inapanga karo ya Januari kuanzia Oktoba; ukienda Januari pesa zimekwisha kugawanywa. Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai 1, kwa hiyo nafasi mpya hupiganiwa kabla ya hapo, miezi ya mwanzo ya mwaka wa kalenda. Ujumbe wa kwanza uwe mfupi, na uombe ziara, si kazi:

"Assalaam aleikum, Maalim. Naomba nafasi ya saa mbili wiki ya pili ya Oktoba niketi na mwalimu wa kitengo na kuwaona watoto darasani. Baada ya hapo nitakuandikia ukurasa mmoja: watoto wangapi wanahitaji nini, kwa siku ngapi, na bei ya ajira na ya ankara kando kando. Ziara hii haina malipo."